Tundu kwa Tundu

Anayefungua boneti ya Datsun 1600 SSS huangalia kwanza kabureta mbili. Ndizo zilizolitofautisha gari hilo na Datsun 1600 ya kawaida, na zikisafishwa vizuri hupendeza kweli. Chini yake, gizani kidogo, pana kipande cha chuma cha kusubu chenye rangi ya kutu: manifoldi ya ekzosi. Mahali kipande hicho kinapokutana na hedi ya alumini ndipo palipochukua sehemu kubwa ya maisha yangu ya ufundi. Nimeamua kuandika kuhusu mahali hapo kwa sababu magari haya yanazidi kuadimika, na bado naletewa hedi nzuri zilizosagwa na watu wenye nia njema, mashine nzuri na haraka.

Kazi yenyewe tunaiita kulinganisha matundu. Hedi ya injini hiyo ina matundu manne ya kutolea moshi, moja kwa kila silinda, na manifoldi ina midomo minne ya kuupokea. Kiwandani vipande hivi vilisubiwa kila kimoja peke yake, vikasawazishwa nyuso, vikatobolewa, kisha vikafungwa pamoja na gasketi katikati. Hakuna kilicholazimisha kingo za tundu na kingo za mdomo zikutane sawasawa, na mara nyingi hazikutani. Basi fundi hushika tupa au mashine ya kusagia, akaondoa chuma kinachojitokeza ili gesi ipite bila kugonga ukingo. Ndivyo kazi inavyoelezwa, na maelezo hayo ni ya kweli. Ila humfanya mtu aanze na ukubwa wa tundu, na ukubwa ni swali la pili. La kwanza ni mahali. Midomo imekaa wapi mbele ya matundu, nini kinaishikilia hapo, na ikipata moto itakwenda wapi?

Nilijifunza kuuliza hivyo jijini Nairobi, kwenye gereji ndogo karibu na Barabara ya Kirinyaga, ile ambayo wenyeji wa siku nyingi hawajaacha kuiita Grogan. Mwenye gereji alikuwa mzee aliyewahi kuhudumia magari ya Safari enzi zile mashindano yakipita Kenya, Uganda na Tanzania wakati wa Pasaka. Aliyaona kwa macho yake mambo ambayo sisi vijana tuliyasoma magazetini: mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller wakiishinda Safari kwa Datsun 1600 SSS, mwaka uliofuata Herrmann akirudia kwa Datsun 240Z, na mwaka 1973 Shekhar Mehta akichukua ushindi wake wa kwanza kwa 240Z nyingine. Kwake yeye Datsun halikuwa gari la kumbukumbu. Lilikuwa chombo cha kazi, na alitaka kifanye kazi. Mteja akimletea injini, mzee aliilaza juu ya benchi, akaipangusa uso wa upande wa manifoldi, akautazama kitambo kabla ya kuomba spana.

Injini yenyewe ni L16, ujazo wa sentimita 1,595 za ujazo, silinda 4, bloku ya chuma cha kusubu na hedi ya alumini, kemshafti ikiwa juu na kuzungushwa kwa mnyororo. Jambo moja katika umbile lake linamhusu sana mlinganishaji matundu: mchanganyiko wa hewa na petroli huingia upande uleule ambao moshi hutokea. Manifoldi ya kabureta na manifoldi ya ekzosi zimebanana upande mmoja wa hedi, zinagawana gasketi moja, na katika sehemu kadhaa zinagawana hata nati. Kila nati ya namna hiyo ina washa pana na nene inayokanyaga flanji mbili kwa wakati mmoja, nusu juu ya flanji ya kabureta na nusu juu ya flanji ya ekzosi.

Washa hizo ndizo somo la kwanza nililopewa. Mzee alinipa venia akaniambia nipime unene wa flanji zote mbili, sehemu kwa sehemu, nimwandikie kwenye karatasi. Manifoldi zilikuwa za kiwandani, zimetoka pamoja kwenye gari moja, na vipimo vilikaribiana sana. Kisha akanipa manifoldi ya mabomba, ya kutengenezwa mtaani kwa kuchomelea, akaniambia nipime tena. Flanji yake ilikuwa nyembamba kuliko ile ya kabureta kwa zaidi ya milimita moja.

"Sasa niambie, kijana, washa itakanyaga wapi?"

"Itakanyaga upande wa kabureta, mzee."

"Na upande wa ekzosi?"

Nilinyamaza, maana jibu lilionekana. Washa ingelala kwa mshazari, ukingo wake ukigusa flanji nene tu, na flanji nyembamba ingebaki inashikiliwa na zile nati chache zisizogawanywa. Unaweza kukaza mpaka stadi ikatike. Upande ule hautabanwa. Tangu siku hiyo sianzi kusaga chochote kabla ya kupima unene wa flanji. Zikitofautiana, ile nene hupunguzwa kwenye mashine, au washa zenyewe hukerezwa ngazi ili nusu moja ishuke zaidi. Watu hununua manifoldi ya mabomba kwa sababu inang'aa na kwa sababu magari ya mashindano yalikuwa nayo. Kipya kinyemi, wahenga walisema. Lakini manifoldi ya kiwandani iliyokaa mahali pake na kubanwa sawasawa ni bora, kwa gari la barabarani, kuliko ya mabomba inayovuja pembeni. Nasema hivyo baada ya kuzifunga za aina zote mbili kwa miaka mingi.

Ni lazima nieleze kidogo kinachopita kwenye kiungo hicho. Valvu ya ekzosi huanza kufunguka kabla pistoni haijafika chini kabisa, wakati silinda bado ina shinikizo kubwa kuliko la nje. Gesi hutoka kwa kishindo. Kinachofika kwenye mdomo wa manifoldi ni wimbi la shinikizo, linalokimbia kwa mwendo wa sauti ndani ya gesi ya moto, zaidi ya mita 500 kwa sekunde, na nyuma yake gesi yenyewe, yenye joto ambalo gari likipanda mlima kwa nguvu hupita nyuzi 700 za Selsiasi. Wimbi likifika mahali bomba linapopanuka, sehemu yake hurudi nyuma likiwa limegeuka kuwa mvuto. Mvuto huo ukifika kwenye valvu wakati ya ekzosi haijafunga na ya kuingizia imeshaanza kufunguka, huvuta mabaki ya moshi na kusaidia mchanganyiko mpya kuingia. Ukifika wakati usiofaa hausaidii, na kwa mizunguko mingine kinachofika ni shinikizo linalousukuma moshi urudi ndani. Ndiyo sababu manifoldi nzuri za mabomba kwa injini ya silinda 4 inayowaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2 huunganisha kwanza silinda ya 1 na ya 4, na ya 2 na ya 3. Kila jozi huwaka kwa kupishana mzunguko mzima wa krenki, hivyo silinda moja haimpigii mwenzake kelele anapotoa moshi.

Nairobi ina sababu yake ya kuwafanya wenye magari wayatamani mambo haya. Jiji liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa huko ni kama asilimia 82 tu ya lile la Mombasa. Injini isiyo na tabo inapoteza karibu moja ya tano ya hewa yake kabla hujafunga mlango. Mtu aliyeendesha SSS pwani, kisha akaliendesha kupanda Limuru, huona kama limechoka, na fundi wa kwanza atakayemwambia kwamba matundu yakipanuliwa nguvu itarudi atapata kazi.

Daktari mmoja alituletea gari la namna hiyo, alilorithi kwa baba yake. Gereji nyingine ilikuwa imelifunga manifoldi ya mabomba na kulinganisha matundu. Injini ikiwa baridi ilikuwa ikitoa mlio wa kugonga mfululizo, ta-ta-ta, ambao ulipungua injini ikipata moto. Kwa mizunguko ya chini lilikuwa zito kuliko awali.

"Zamani lilikuwa linavuta, fundi," daktari alisema. "Baba alikuwa akipanda Limuru kwa gia ya tatu."

Tulipolifungua, kazi ya kusaga ilikuwa safi. Matundu ya hedi yalikuwa yamepanuliwa mpaka kwenye mstari wa gasketi, na midomo ya manifoldi vilevile, kingo zote laini. Ukiweka gasketi juu ya hedi, ilifuata tundu vizuri. Ukiiweka juu ya manifoldi, ilifuata mdomo vizuri. Mzee hakuridhika. Alichukua karatasi ngumu, akaibana juu ya uso wa hedi, stadi zikipenya kwenye vitundu vidogo vilivyobana, akaigongagonga kwa nyundo ndogo kufuata kingo mpaka umbo la kila tundu likakatika. Ni njia ileile ambayo mafundi wetu hukatia gasketi za karatasi. Kisha akairudisha manifoldi kwenye stadi bila gasketi, akaiachia ikae inavyotaka, akapiga alama ya pembeni kwa sindano ya chuma. Alipoilinganisha ile karatasi na alama, manifoldi ilikuwa imeshuka zaidi ya milimita moja. Matundu ya bolti kwenye flanji yalikuwa mapana kuliko stadi, na manifoldi, kwa uzito wake, ilikuwa imening'inia.

Kwa hiyo aliyesaga alilinganisha vitu viwili na kitu cha tatu ambacho nacho hakikuwa na mahali. Gasketi ina matundu mapana ya stadi, inacheza. Mara nyingi matundu yake ya moshi pia hukatwa makubwa kuliko ya hedi na ya manifoldi, ili isichomoze ndani na kuungua. Mstari wake haukuwekwa uwe kipimo cha kusagia, na anayeufuata anaondoa chuma kingi pasipohitajika. Hedi ile ilikuwa imepanuka kwenye milimita chache za mwisho, halafu ndani ikabaki na ukubwa wake wa zamani. Gesi ilikuwa ikitoka kwenye njia nyembamba, inapanuka ghafla, inapoteza mwendo, kisha inakutana na ukingo wa manifoldi iliyoshuka.

Na ukingo huo ulikuwa umekaa mahali pabaya kuliko pote. Njia ya ekzosi ndani ya hedi hupinda: moshi hupanda kutoka kwenye valvu, kisha hugeukia nje. Gesi ikipinda kwa kasi hukimbilia upande wa nje wa kona, yaani dari ya tundu. Sakafuni, upande wa kona fupi, hupita gesi kidogo na polepole. Manifoldi ikishuka, ukingo wake wa juu huziba dari ya tundu, palepale penye msongamano. Ikipanda kwa kiasi hichohicho, ukingo hutokea sakafuni, na hasara yake ni ndogo sana. Milimita moja ya chuma ina thamani mbili tofauti kulingana na kama iko juu au chini. Mtu anayepima ukubwa peke yake hawezi kuliona hilo, kwa kuwa tundu la hedi na mdomo wa manifoldi vilikuwa na vipimo sawa kabisa.

Alumini iliyosagwa hairudi kwa urahisi, na kuichomelea hedi nzima kisha kuitengeneza upya kungemgharimu daktari kuliko alivyokuwa tayari kulipa. Mzee alitengeneza kilichotengenezeka. Aliikerezea stadi ya katikati bushi nyembamba ya chuma iliyojaza tundu pana la flanji, manifoldi ikashikika isiweze kushuka. Aliisawazisha flanji uso, akaupatanisha unene wake na wa kabureta. Baada ya hapo, na si kabla, alipaka rangi ya bluu ya kuachia alama kwenye uso wa hedi, akaibana manifoldi, akaitoa, akasoma alama, na kusaga kidogo pale midomo ilipokuwa bado inaingilia njia. Mlio wa asubuhi ulikwisha. Daktari alirudi kutuambia kwamba Limuru inapandika tena kwa gia ya tatu, na ninakumbuka mzee alivyofurahi. Alimwitisha chai, akaanza kumsimulia habari za baba yake, ambaye kumbe alikuwa akimfahamu.

Ni baada ya kazi hiyo nilipomuuliza kwa nini hata kiwanda kilitoboa matundu ya flanji mapana namna ile, ikiwa mahali pana uzito wote huo.

"Chuma kinatembea, mwanangu. Ukikizuia, kinapasuka."

Sikuacha kulifikiria jibu hilo, na baadaye nilikaa na kalamu nikalipigia hesabu. Chuma cha kusubu hurefuka karibu milimita moja kwa kila mita, joto lake likipanda nyuzi 90 hivi. Alumini hurefuka mara mbili ya hapo. Mtu angedhani basi kwamba hedi ndiyo itakayotembea zaidi. Lakini hedi hupozwa na maji. Uso wake haupandi sana kupita joto la maji ya rejeta, yaani nyuzi 70 hivi juu ya joto la asubuhi. Manifoldi haipozwi na chochote isipokuwa upepo, na flanji yake ikifanya kazi kwa nguvu inaweza kufika nyuzi 400. Toka katikati ya injini mpaka tundu la silinda ya mwisho ni kama sentimita 15. Ukizidisha, upande huo wa manifoldi utarefuka kiasi cha milimita 0.6, na hedi kiasi cha milimita 0.25. Tofauti yake ni kama milimita 0.35. Ina maana kwamba mdomo wa silinda ya 1 na wa silinda ya 4 husogea nje kila gari linapopanda mlima, kisha hurudi likipoa. Kiungo hiki tunachokipima kwa bluu na sindano kikiwa baridi mezani, barabarani hakikai hapo.

Hesabu hiyo ilibadilisha namna ninavyofanya kazi kuliko kitabu chochote nilichosoma. Kwanza, ilinionyesha kwamba manifoldi ishikiliwe katikati peke yake. Bushi inayobana huwekwa kwenye stadi ya katikati. Kwenye stadi za mwisho, nikitaka kuizuia isishuke, tundu la flanji hurefushwa kwa mlalo, bushi iteleze kushoto na kulia lakini isipande wala kushuka. Nimeona manifoldi za chuma cha kusubu zilizopasuka katikati ya midomo miwili kwa sababu mtu alizibana pande zote mbili kwa bolti zilizojaza matundu. Pili, ilinifundisha kuacha nafasi. Mdomo wa silinda ya mwisho ukilingana na tundu kwa usahihi kamili ukiwa baridi, ukipata moto utakuwa umehama, na ukingo wake wa ndani utaingia njiani. Kwa hiyo midomo ya pembeni huachwa mipana kidogo upande unaoelekea katikati.

Hapo ndipo ukubwa unapopata maana yake. Kwenye ekzosi, mdomo wa manifoldi uwe mkubwa kidogo kuliko tundu la hedi; mimi huacha kati ya nusu milimita na milimita moja kuzunguka, na sakafuni zaidi kuliko darini. Gesi inayotoka haioni ukingo wowote, kwa kuwa inatoka kwenye njia ndogo kwenda kubwa kidogo. Lile wimbi linalorudi na moshi wake hukutana na kizingiti cha uso wa hedi, likapungua nguvu. Upande wa kuingizia kanuni hugeuka: hapo manifoldi ndiyo iwe ndogo kidogo, hedi iwe kubwa, kwa sababu mwendo wa gesi umegeuka. Kwenye L16 pande hizo mbili zimekaa bega kwa bega juu ya gasketi moja, na nimewaona mafundi hodari wakizisaga zote kwa kanuni moja, ama zote ziwe sawa kabisa, ama zote zifuate gasketi. Swali la kuuliza kabla ya kushika mashine ni dogo: gesi inatoka wapi, inakwenda wapi?

Kung'arisha ndani ya tundu hakunishughulishi sana. Wateja hupenda kuona tundu linalong'aa, na kulainisha uvimbe mkubwa wa kusubu ni jambo jema. Lakini masizi huifunika kazi hiyo baada ya muda mfupi, na gesi haijali kama chini ya masizi kuna kioo. Saa hizo afadhali zitumike kupima kama manifoldi imejikunja.

Na hujikunja. Weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya midomo yote minne, mulika tochi nyuma yake, uone mwanga unapita wapi. Mara nyingi ncha mbili zimeinuka au zimezama. Manifoldi iliyojikunja ikikazwa kwa nguvu kwenye hedi hunyooka kwa shida, na mzigo wote huangukia stadi za mwisho. Ndizo zinazokatika, na kuitoa stadi iliyokatika ndani ya alumini ni kazi ya kuumiza moyo. Mimi huisawazisha kwenye mashine kwanza, kisha ndiyo nichore na kusaga. Ukisaga kabla ya kusawazisha, uso utakaoondolewa utahamisha mstari wako, hasa midomo ikiwa inapinda mara tu baada ya flanji.

Hatari nyingine kwenye mitaa yetu ni kuchanganya vipuri. L16 ina ndugu: L18 ya sentimita 1,770 za ujazo, L20B ya 1,952, na L24 ya silinda 6 iliyokuwa ndani ya 240Z. Vitu vingi huingiliana katika ukoo huo, na ndiyo sababu magari haya yamedumu. Lakini hedi za mwanzo zina matundu ya ekzosi yenye umbo linaloelekea mraba, na baadhi ya zile za baadaye katika miaka ya 1970 zina tundu la duara lenye ganda jembamba la chuma ndani yake, lililowekwa ili moshi usipoe mapema na uchafu wake uungue zaidi. Nimeletewa hedi ya duara iliyofungwa manifoldi ya mraba, na mraba kwa duara. Duara likitoa moshi kuingia mraba mkubwa kuliko lenyewe, hasara si kubwa, ilimradi gasketi imeziba pembe. Mraba ukitoa moshi kuingia duara, pembe nne zinagonga ukuta. Na lile ganda lisiguswe na mashine ya kusagia. Ni jembamba, nyuma yake pana nafasi ya hewa, na likitoboka tundu hilo limeharibika. Dawa ni kutafuta manifoldi yake, hata kama itachukua miezi.

Kukaza kuna utaratibu wake, nao ni mfupi. Stadi mpya au zilizosafishwa meno, grisi ya kuzuia kushikana kwa joto, kuanza katikati kwenda nje kwa awamu, kisha gari liwashwe, lipate moto, lipoe kabisa, nati zikazwe tena. Mteja mwenye haraka hulichukua gari kabla ya kukazwa mara ya pili. Simruhusu. Bomba la mbele nalo lishikiliwe na breketi yake karibu na giaboksi. Likiachwa linaning'inia, kila jiwe linalolipiga chini ya gari huitikisa flanji, na kazi yote ya bushi na bluu inaishia kwenye stadi iliyolegea.

Ninasisitiza haya kwa sababu kiungo hiki kikivuja hakipotezi nguvu peke yake. Moshi wa petroli una kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na manifoldi iko karibu tu, mbele ya ukuta unaotenga injini na miguu ya dereva. Magari haya yana umri wa zaidi ya miaka 50. Mipira ya kuziba matundu ya waya na pedali imekauka, na wengi wetu huwapakia watoto siku ya Jumapili, madirisha yakiwa yamefungwa kwa ajili ya baridi ya Limuru. Mwenye gari akiniambia anasikia ule mlio wa ta-ta-ta asubuhi lakini unaisha likipata moto, humwomba asilitumie mpaka tulifungue. Kuisha kwake kuna maana kwamba chuma kimevimba kikaziba kwa muda.

Vijana wa siku hizi wana vifaa ambavyo mzee hakuwa navyo. Flanji hukatwa kwa leza kutokana na mchoro wa kompyuta, na zinatoka safi kuliko chochote tulichokata kwa tupa. Nafurahi kuziona, na nimezitumia. Mchoro wake lakini hutokana na gasketi iliyowekwa juu ya skana, na tunarudi palepale: gasketi haijui stadi zako zimesimama wapi kwenye hedi yako. Mafundi wawili ninaofanya nao kazi sasa nimewazoesha kuichora flanji kwa karatasi iliyogongwa juu ya hedi yenyewe, kisha karatasi ndiyo iingie kwenye skana. Inachukua nusu ya asubuhi zaidi.

Mteja akinipigia simu kutaka matundu yalinganishwe, humwambia asiniletee manifoldi peke yake. Alete hedi ikiwa na stadi zake, manifoldi zote mbili, gasketi mpya isiyofunguliwa, washa na nati zote hata zikiwa na kutu, na bomba la mbele na breketi yake kama vipo.